Muulize Bi Karani: Mwanangu hataki kipande

Bi Karani, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Likoni. Kifungua mimba wangu ametimiza miaka 19 Ramadhani iliyopita. Wenzake aliomaliza nao kidato cha nne walishakwenda kwa chifu wakajaza fomu, na vipande vyao, yaani vitambulisho vya taifa, wanavyo mfukoni. Yeye hataki. Ingekuwa uvivu ningejua dawa yake. Anasema hawezi kumpa mtu asiyemjua alama za vidole vyake kumi, vidole ni vyake. Anasema mtu akishapewa namba amekuwa mzigo wa bandarini, anasubiri kupakiwa tu. Haya yote anayasoma kwenye simu, na laini ya hiyo simu imesajiliwa kwa jina langu.

Baba yake yuko Muscat, anaendesha lori. Anataka kijana apate pasipoti amfuate. Amefoka, amebembeleza, sasa ananinunia mimi, eti nimemdekeza. Wiki iliyopita kijana alipata kibarua cha kupakua mizigo kwenye ghala, akaambiwa alete kipande. Akageuza akarudi nyumbani, akala wali wangu na mchuzi wa pweza, akalala.

Bi Karani, wewe ulikaa miaka mingi kwenye hizo ofisi za kuandikisha vitambulisho. Moyoni naona hana haki. Lakini juzi usiku aliniuliza, "Mama, wakikosea wao, mimi nitamwendea nani?" Sikuwa na jibu. Nimwambie nini?

Mama wa Wanne, Likoni

Marahaba, mwanangu.

Niliingia kazi hiyo mwaka 1980. Sheria ilikuwa imebadilishwa mwaka 1978 ili wanawake nao waandikishwe, maana kabla ya hapo kitambulisho kilikuwa mambo ya wanaume. Foleni ikajaa mabuibui, na pale ofisini kwetu makarani wote walikuwa wanaume. Mama zetu hawampi mkono mwanamume asiye maharimu wao, seuze vidole kumi, kimoja baada ya kingine. Ndipo nikaitwa mimi, binti wa miaka 22 aliyejua kupiga taipu, nikakalishwa nyuma ya kibao cha wino. Nikakaa hapo miaka 27.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Unautandaza wino kwa rola mpaka uwe mwembamba kama utando wa maziwa. Unakishika kidole cha mtu, unakilaza ubavu, unakibiringisha mara moja tu kutoka ukingo wa ukucha hadi ukingo wa pili, kwanza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Ukirudia umeharibu. Na mara nyingi anayeharibu ni mwenye kidole, kwa sababu kila mtu anataka kusaidia. Anakaza, anasukuma, anabiringisha yeye kabla yako, inatoka doa jeusi lisilosomeka. Basi kutwa wimbo wangu ulikuwa mmoja: "Legeza mkono. Usinisaidie."

Wengi walicheka. Mzee mmoja mkwezi kutoka upande wa Msambweni hakucheka. Alinitazama akasema, "Binti, mkono huu haujalegea miaka sitini, leo ulegee kwa sababu yako?" Nilipomshika niliona hana alama kabisa, minazi ilikwisha kuzila. Vidole vyeupe, laini kama mgongo wa kijiko.

Nimeyasema haya ili ujue kwamba mwanao simwoni mjinga. Hataki kulegeza mkono, basi. Na najua limekujia kinywani umwulize simu yake anaifungua kwa kidole gani. Usimwulize. Hilo litamnyamazisha, nawe utaona umeshinda, lakini swali lake litabaki palepale.

Badala yake mwulize kama anajua hilo neno kipande limetoka wapi. Tunalitamka kila siku kama tunavyotamka sukari. Kipande cha kwanza nchini kililetwa na sheria ya mwaka 1915, na kikaanza kuuma vita vilipokwisha, 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 hivi aliandikwa jina, kabila, alama za vidole, nani kamwajiri, kwa mshahara gani, kuanzia lini. Karatasi ikakunjwa, ikatiwa ndani ya kibati, kibati kikatiwa uzi, uzi ukaning'inizwa shingoni. Mwajiri alitakiwa kuisaini unapoacha kazi. Asiposaini, hakuna mwingine wa kukuchukua. Ukiondoka hivyo hivyo wewe ni mtoro, na vidole vyako viko kwenye jalada. Watu walikifananisha na kengele ya mbuzi.

Sasa angalia vizuri, maana hapa ndipo kijana wako amekaribia kitu bila kukijua. Mpango ule haukuwa wa kichaa. Ulikuwa na akili nyingi sana. Ukikaa kwenye kiti cha mlowezi mwenye ekari elfu za kahawa na vibarua wanaotoroka usiku, hesabu inatoka kamili: jina, kidole, tarehe, saini. Tatizo ni kwamba akili ilikuwa yote upande mmoja wa meza. Harry Thuku, mtetezi wa wafanyakazi, aliposimama kusema hivyo, pamoja na mambo ya kodi na mishahara, alikamatwa Nairobi Machi 1922. Watu wakakusanyika nje ya kituo cha polisi alikofungwa, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa mbele yao, na polisi wakapiga risasi. Serikali yenyewe ilikubali wafu 21. Thuku akapelekwa uhamishoni Kismayu.

Babu yangu mzaa mama alivuka mpaka akaenda kukata mkonge Tanga. Huko kipande kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Siku uliyoshikwa na homa haikutiwa alama, kwa hiyo kadi ilikwisha ilipokwisha, na mshahara ukaisubiri kadi. Alikuwa akisema mwezi wa Mzungu una siku arobaini. Mpaka anakufa alihesabu miezi ya aina mbili.

Kuna jambo lilikuwa likinichekesha kila nilipolikumbuka pale kwenye kibao changu. Mwaka 1947 ilipotungwa sheria mpya ya kuandikisha watu wa rangi zote, alama za vidole zikihitajika kwa wote, walowezi walikuja juu. Vidole vyao! Kama wahalifu! Miaka zaidi ya 25 ya vibati shingoni mwa wengine haikuwafundisha lolote kuhusu uhuru wa mtu. Wino kwenye ngozi yao wenyewe uliwafundisha kwa siku moja.

Basi mpaka hapo kijana wako atakuwa anatabasamu, anaona Bi Karani yuko upande wake. Ngoja nimharibie.

Oktoba 2016 Wamakonde wa Kwale walishika njia ya Nairobi kwa miguu. Wazee wao waliletwa kutoka Msumbiji miaka ya ukoloni kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, wakazaa hapa, wakazika hapa, na hawakuwa na kipande. Mtu amezaliwa Kwale, bibi yake amezaliwa Kwale, na hawezi kusajili laini ya simu, hawezi kufungua akaunti benki, hawezi kupiga kura, na kila akimwona polisi anakata kona. Walikwenda Ikulu kuomba kile ambacho watu wa 1922 walipigwa risasi wakikikataa. Wakapewa. Wapemba wa Kwale na Kilifi, wavuvi hawa tunaonunua kwao samaki kila siku, walingoja mpaka Julai 2023 ndipo wakatambuliwa kuwa raia.

Muulize mwanao hao nao walikuwa wajinga? Walijua kutokuwa namba ni nini. Asiye na kipande hayuko huru na serikali, yuko chini ya kila mwenye sare na kila mwenye ghala. Anaishi kwa hisani. Yeye mwenyewe anaishi kwa hisani sasa hivi, ila hisani ni yako, ndiyo maana haioni. Laini yako, wali wako.

Na nitaitetea ofisi kidogo, maana nimekula mkate wake. Kabla ya kadi, mtu alithibitishwa na watu. Unajulikana na nani? Baba yako nani, shehe gani anakujua, mzee gani wa mtaa atakusimamia? Ukiwa mtoto wa nyumba kubwa ni rahisi. Ukiwa mtoto wa mjakazi, au mwanamke aliyeachwa akahama mji, utasimama uani mpaka jua lizame. Namba haina ukoo. Mimi nilimbiringisha kidole mtoto wa tajiri wa Nyali asubuhi na mchuuzi wa mihogo adhuhuri, na kila mmoja nilimwambia usinisaidie. Nililipenda jambo hilo. Bado nalipenda.

Lakini si wote waliofika kwenye kibao changu. Wengine walipitishwa kwanza chumba cha pili, mbele ya kamati ya kuhojiwa: Wanubi, Wasomali, Waarabu wetu, Wapemba, mtu yeyote ambaye jina lake lilimfanya karani ainue kichwa. Huko namba ilipata ukoo tena. Lete kitambulisho cha babu. Babu alikufa kabla hujazaliwa? Lete mzee anayemjua. Miaka ya tisini aliletwa binti wa Kipemba kutoka kijiji kimoja cha wavuvi. Alikuwa na cheti cha kuzaliwa, cha kweli, nilikishika mimi. Mjumbe mmoja akamwambia aseme kitu kwa lugha ya kwao. Binti akasema, kwa Kiswahili kisafi kuliko chetu sote mle ndani, "Hii ndiyo lugha ya kwetu." Wakaandika: arudi na ushahidi zaidi. Akarudi. Akarudi tena mara ya tatu, nyayo zina mchanga.

Jalada lake nililitia kwenye kabati mimi, kwa mkono huu. Hakuna aliyenishurutisha. Ningeweza kulipeleka mezani kwa mkubwa na kusema hili limekamilika, akanifokea, yakaisha. Sikufanya hivyo kwa sababu utaratibu ulikuwa umeshasema. Ofisi ile sitaitaja jina, na haina haja, zilikuwa nyingi za namna hiyo. Nilipostaafu 2007 jalada lilikuwa lingali pale. Nililijua kwa kutu ya pini yake.

Kwa hiyo kijana akiuliza wakikosea atamwendea nani, mwambie wakati wangu jibu lilikuwa: kwa Bi Karani, naye atakwambia urudi kesho. Leo jibu limebadilika kidogo, na sitaki ulipuuze hilo "kidogo". Katiba ya 2010, kifungu cha 12, inasema kitambulisho ni haki ya raia. Soma tena polepole: haki. Kibati cha babu zetu kilikuwa cha mwajiri. Hiki kimeandikwa kuwa ni chako, na ofisi ndiyo inayodaiwa. Kifungu cha 31 kinalinda faragha yako, na mwaka 2019 ikaja sheria ya kulinda data inayokupa haki ya kuambiwa habari zako zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kudai zirekebishwe zikiwa na kosa. Yuko kamishna wa kupelekewa malalamiko.

Atasema hayo ni makaratasi. Mkumbushe Huduma Namba. Mwaka 2019 serikali ilitaka kuandikisha kila mtu upya, na sheria ikaruhusu kuchukua hadi vinasaba na mahali hasa nyumba yako ilipo. Waliokwenda mahakamani, pamoja na mashirika ya haki za binadamu, walikuwa Nubian Rights Forum, chama cha kutetea Wanubi, watu wa chumba cha pili, wale wa kamati. Januari 2020 majaji wakasema vinasaba havichukuliwi na mahali pa nyumba hapachukuliwi. Oktoba 2021, katika kesi ya wengine, Mahakama Kuu ikasema hata kadi zenyewe zimetolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa hatari kwa data za watu haikupimwa kwanza. Sasa tazama nani walitangulia kuishitaki serikali, na hayo mawili wakayashinda. Hawakuwa watu waliokaa nyumbani wamekunja mikono. Walikuwa watu waliokitaka kipande zaidi ya wote, na kwa sababu hiyohiyo walijua vizuri kisichopaswa kuulizwa.

Hofu yake moja naikubali bila kubisha. Rwanda Wabelgiji waliandika kwenye kitambulisho Mhutu, Mtutsi, Mtwa, miaka ya 1930, kwa ajili ya hesabu na utawala tu. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, neno hilo moja lilitosha kumwua mtu. Kadi yetu ya wakati wangu haikuwa na kabila, lakini ilikuwa na lokesheni na lokesheni ndogo, na Mkenya akishasoma hizo amekupangia kabila kabla hujarudishiwa kadi yako. Kwa hiyo aangalie kinachoandikwa. Asome fomu yote kabla ya kusaini, hata foleni ikiguna. Mimi nilikuwa nawachukia wasomaji wa fomu, walinichelewesha. Sasa ningewapa kiti.

Cha kufanya, mwanangu: mwache ajisikie ameamua yeye. Usimpeleke kwa chifu kama mbuzi wa Idi. Aende Jumanne au Jumatano asubuhi, Jumatatu imejaa. Abebe cheti cha kuzaliwa na nakala ya kitambulisho chako au cha baba. Asipake mafuta mikononi asubuhi hiyo, na kama atapata kibarua cha kupakua saruji siku mbili tatu kabla, avae glavu, saruji inakula alama. Akiambiwa arudi kesho, aulize kwa nini, aombe aandikiwe sababu, na jina la aliyemwambia. Kwa adabu, lakini aulize. Binti yule wa Kipemba hakuuliza, na mimi nilishukuru.

Na mumeo wa Muscat mwambie aache kununa. Kijana wa kumfuata huko ni yule anayeuliza "nitamwendea nani", hasa nchi ya watu, ambako pasipoti ya mfanyakazi mara nyingi hulala kwenye droo ya tajiri. Yeye mwenyewe analijua hilo vizuri kuliko mimi.

Bi Karani,

Mimi ni soja wa zamu ya mchana kwenye jengo moja la ofisi, Nairobi. Kila mgeni anaandika kitabuni jina, namba ya kipande, namba ya simu na saa aliyoingia, na kipande anakiacha kwangu kwenye kisanduku mpaka atoke. Juzi mama mmoja akagoma. Akasema atanionyesha lakini hataacha. Nikamzuia. Msimamizi akanisifu, lakini yule mama alikuwa mtu mzima kama mama yangu, na hakunitukana. Nilikosea?

Soja, Nairobi

Mwanangu, mimi niliyeungama hapo juu sina ubavu wa kukulaumu kwa kufuata ulichoambiwa. Kazi yako ni ya mshahara mdogo na lawama kubwa. Ila mama yule alikuwa na haki. Kuonyesha ni jambo moja, kuacha ni jingine, na siku kisanduku chako kikiibiwa hutalipa wewe wala msimamizi wako. Muulize msimamizi mambo mawili, kwa upole: nani husoma kile kitabu, na kikijaa kinakwenda wapi.

La pili naweza kukujibu mimi. Mwaka juzi nilinunua karanga za shilingi kumi kituo cha matatu. Zilikuwa zimefungwa kwenye karatasi yenye mistari iliyopigwa kwa rula. Nilipozimaliza nikaikunjua, mazoea ya kazi. Majina kumi na manane, namba za vipande, namba za simu, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na upande wa kulia "anakokwenda": daktari wa meno, wakili, wakili, daktari wa wanawake. Mwandiko mzuri, sitakuficha. Nikaona vibaya. Nikampigia wa kwanza kwenye orodha nimwambie habari zake zinauzwa na karanga. Nikamwita kwa majina yake yote matatu, nikamtajia namba yake ya kitambulisho ili aniamini.

Akasema, "Mama, nyinyi matapeli sasa mnatumia hata vikongwe?" Akakata simu.